Mazishi ya Kwanza ya Mama Rozália

Siku Terka alipotumwa chekeche, maji ya tambi yalikuwa tayari motoni. Mama yake, Rozália, alisimama mlangoni na unga mpaka kwenye nyusi, ameshika chekeche lao bovu, lenye tundu ambalo paka angepita bila kuinamisha masikio.

"Kimbia kwa mama yako wa ubatizo ukaazime la kwake," alisema. "Na usikae kupiga porojo. Urudi maji hayajachemka."

"Na akinikaribisha mkate wa plamu?"

"Utie mfukoni, ule njiani."

Njia yenyewe ilikuwa barabara moja tu ya kuvuka. Nyumba ya Ilka, mama wa ubatizo, ilitazamana na yao, karibu kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakutakia afya. Terka alikuwa na miaka kumi na tisa, miguu mirefu na masikio yanayopenda habari. Akakaa. Mkate ulikuwa bado unafuka moshi, na Ilka alikuwa na habari za mjane fulani na mshona viatu, habari za namna ambayo mtu mwenye akili zake haziachi katikati. Walipokaribia pale penyewe, malori yakaingia kijijini.

Vita vya dunia nzima vilikuwa vimekwisha, na watu wa Almaszeg walidhani wamesahauliwa, jambo waliloliona kuwa ndiyo bahati kubwa kuliko zote. Kumbe wakubwa walikuwa wamekaa mezani mahali fulani na ramani na penseli. Kijijini walisema baadaye kwamba huyo aliyeshika penseli alipiga chafya alipofika kwao, maana mstari ulikuwa ukija vizuri kando ya mto, mara ukaruka ukapita katikati ya barabara yao. Upande wa mashariki ukawa wa Wasovieti, wa magharibi ukawa wa Wacheki na Waslovaki, na waliokaa pande zote mbili walikuwa Wahungari ambao hakuna aliyewauliza kitu. Kanisa likabaki mashariki, upande wa Rozália, kilabu cha pombe kikabaki magharibi, upande wa Ilka, hivyo kila upande ukajiona umepunjwa.

Terka alipotoka na chekeche kwapani na mkate shavuni, barabara ilikuwa imejaa migongo ya askari na magurudumu ya seng'enge. Ng'ambo alikiona kilemba cha mama yake kikichungulia huku na huku kati ya mabega yao. Akaliinua chekeche juu ili mama alione. Askari mmoja akalikodolea macho kama lingelipuka, akamwonyesha kwa mkono: rudi.

Akarudi ndani, akidhani ni mpaka jioni.

Siku zikaja nyingine, na seng'enge ikapata nguzo, na nguzo zikapata mnara, na mnara ukapata sajini mmoja mrefu, mwembamba, rangi ya kijani tangu kofia hadi buti, ambaye alikula matango ya siki kutwa nzima. Watu walimwita Tango. Sheria zilikuwa rahisi kukumbuka: usivuke, usiite, usipunge mkono, usitazame sana. Mtu aliyemwita ndugu yake kwa jina alilala rumande. Mbwa waliruhusiwa kubweka.

Lakini mashamba ya viazisukari yalifika mpaka kwenye seng'enge, na viazisukari havijui siasa, vinataka kupaliliwa. Wanawake wa pande zote mbili walikwenda na majembe yao. Ilka ndiye aliyeanza. Alikuwa na sauti ya kengele na kifua cha kuibebea, akawa anaimba wimbo wa kazi ambao kila mtu anaujua, ila maneno ameyageuza: ng'ombe wangu kazaa, ee, ndama ana doa kwenye paji, na mshona viatu kamwoa mjane, ee, mwisho wa habari ndio huo. Askari, waliotoka mbali wasikojua hata neno moja la Kihungari, walisikia wimbo tu, wakaupenda. Kutoka ng'ambo Etelka, jirani wa Rozália, akaitikia kwa habari zake. Tangu siku hiyo seng'enge ikawa gazeti la kijiji.

Basi kila aliyekuwa na ndugu ng'ambo aliimba. Isipokuwa Terka.

Mungu alimnyima Terka sauti ya kuimba kabisakabisa, kama mtu anavyomnyima mlevi ufunguo wa stoo ya pombe. Alipokuwa msichana mdogo, Vendel, mwimbishaji wa kanisa, alimwita pembeni baada ya misa akamshika bega kwa upole.

"Mwanangu, wewe mtukuze Mungu kwa kufungua mdomo tu. Yeye atasikia."

"Na ninyi, Mzee Vendel?"

"Sisi ndio tusiotaka kusikia."

Pale shambani alijaribu mara moja. Alishika jembe, akavuta pumzi, akaanza: mama, mimi mzima. Bata bukini wa kijiji kizima waliruka wakashuka mtoni, na juu mnarani askari wakakoki bunduki wakidhani kuna shambulio. Tango mwenyewe aliteremka na tango mkononi, akamtazama Terka muda mrefu, akatikisa kichwa. Siku ile hata rumande hawakumpeleka. Walimhurumia.

Kwa hiyo habari zake zikawa zinaimbwa na Ilka, na Ilka hakuwa mtu wa kupeleka habari kama alivyozipewa. Terka akipata mafua, Ilka aliimba kwamba yuko kufani, madaktari wamezunguka kitanda. Terka alipoolewa na Gáspár, mtengeneza mapipa, mtu mpole mwenye masikio makubwa, Ilka aliimba kwamba ameolewa na mwenye kiwanda cha mapipa. Ng'ambo Rozália aliegemea jembe, mara akilia, mara akicheka. Terka aliona mabega tu. Alimwona mama yake kila siku ya kazi, umbali wa kutupa ganda la yai, na hakuwahi kumpa hata neno moja lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, alimlaza kwenye kapu la nguo mbichi, akamwinua pamoja na shuka kana kwamba anazianika, akamgeuza taratibu ili bibi yake amwone mbele na nyuma.

Jioni ile Etelka aliimba wimbo mfupi. Rozália amemwona mjukuu, ee. Rozália amesema masikio ni ya baba. Rozália hapiki tambi tangu siku ile ya malori, ee, kila siku anasema, ni mimi niliyemtuma, ni mimi.

Terka aliacha jembe lianguke.

"Mama Ilka, mwimbie sasa hivi. Mwambie haikuwa kosa lake. Chekeche lilichukua muda wa kufumba jicho. Mimi ndiye niliyekaa. Ningeinuka pale ulipolishusha ukutani, ningekuwa nyumbani kabla ya lori la kwanza."

Ilka aliendelea kupalilia. "Hiyo haiingii kwenye wimbo."

"Haiingii vipi?"

"Haina vina."

"Uliimba jinsi nguruwe wa padri alivyohara, na hakukuwa na vina."

"Nguruwe ni nguruwe. Hii, watu watauliza alikaa kwa nani, anasikiliza nini, anakula mkate wa nani." Ilka akajifuta jasho kwa pembe ya kilemba, asimtazame. "Mwanangu, niombe jambo lolote. Nitamwimbia hata kwamba umekuwa malkia."

Terka hakumlaumu. Alijua kwamba na Ilka naye hakupika tena mkate wa plamu. Lakini neno lile likamkaa kooni miezi na miezi, kama mwiba wa samaki ambao haukuui wala haushuki. Asubuhi alilikuta, jioni alilala nalo. Gáspár alimwambia amwandikie, na yeye akamwonyesha ng'ambo: Rozália hakujua kusoma, na barua zilisomwa kwanza na watu ambao hawakuhusika.

Kisha siku moja ya vuli, kabichi zikiwa zimekomaa, Etelka alikuja seng'engeni na kilemba cheusi. Aliimba polepole, ameinamisha uso. Rozália amelala, ee, hataamka. Kesho tunampitisha.

Gáspár ndiye aliyemrudisha mkewe nyumbani.

Njia ya makaburini ilipita sambamba na seng'enge, na mazishi ndiyo kitu pekee ambacho Tango hakukisumbua. Alivua kofia, akasimama, akaacha watu wapite. Na desturi za pale ni mbili. Ya kwanza, wanawake humwomboleza marehemu kwa sauti, kila mmoja akimwaga kilicho kifuani. Huko hakuna tuni wala mpangilio, ni kulia kwa maneno, na hata mtu aliyekatazwa kuimba tangu utoto anaruhusiwa. Ya pili, mwimbishaji husimamisha jeneza, akatoa buriani kwa ndugu mmoja mmoja kwa jina, akiimba kwa nafsi ya marehemu, kana kwamba ni yeye mwenyewe anayesema.

Terka alisimama kati ya kabichi, vidole kwenye seng'enge. Jeneza likaja, wabebaji wakienda kwa uangalifu mkubwa kama wamebeba mayai. Nyuma yake Etelka na wanawake wengine, na mbele Vendel, mzee zaidi sasa, anachechemea, pua nyekundu kwa pombe ya plamu. Walipomfikia, Vendel aliinua mkono, nao wakalitua chini pale pale, karibu kiasi kwamba kusingekuwa na seng'enge angeligusa.

Terka akafungua kinywa.

"Mama yangu wee, mama yangu mdogo, mbona umeondoka sijakujibu? Ulinituma chekeche, mama, ukasema nisikae, nikakaa. Nilikula mkate, mama, kipande cha kwanza na cha pili. Nilikuwa nasikiliza habari za mshona viatu. Hukunipoteza wewe, nilijipoteza mwenyewe kwa ajili ya mkate na mshona viatu. Na wewe umekufa umejibebesha mzigo wangu, umeacha kupika tambi, na mimi niko hapa kila siku na neno kinywani na sina sauti ya kulibeba."

Sauti yake ilikwaruza kama bawaba. Bata bukini waliinua vichwa. Wanawake wa pande zote mbili walilia kweli, hata Ilka, aliyekuwa amejificha nyuma ya Gáspár, akaziba uso kwa aproni.

Ndipo jeneza likapiga chafya.

Etelka aliangua kilio ambacho hakijawahi kusikika hata kwenye mazishi ya askofu. Jeneza likapiga chafya ya pili. Wanawake wote wakaongeza sauti. Terka aliacha kuomboleza, maana alimjua mtu mmoja tu duniani ambaye hupiga chafya mbili, anapumzika kidogo kama aliyesahau kitu, kisha anamalizia na ya tatu. Alingoja. Ya tatu ikaja, ndogo, ya aibu, chini ya kifuniko.

"Mto," Etelka alimnong'oneza Vendel kwa hasira. "Nilisema asilalie manyoya."

Tango alikuwa amesimama kofia mkononi. Alilitazama jeneza. Akamtazama Terka, ambaye machozi yalikuwa bado yanateremka ila uso chini yake ulianza kufanya mambo mengine. Kisha akavaa kofia, akaigonga ili ikae sawa, akaenda kukagua nguzo moja iliyokuwa mbali kabisa, kule mwisho, nguzo isiyo na hitilafu yoyote. Aliikagua kwa muda mrefu sana. Wanasema alihesabu hata misumari.

Vendel aliinama, akaweka paji la uso kwenye jeneza kama mtu aliyezidiwa na huzuni. Akakaa hivyo, sikio likiwa kwenye ufa. Alipoinuka, aliimba buriani, na haikuwa ile aliyozoea kuwaimbia marehemu.

"Nakuaga, Teréz, Terka wangu, binti yangu wa pekee, uliyeimba vibaya kuliko viumbe vyote. Nimesikia ulikaa kula mkate."

Akainama tena. Akasikiliza. Akaimba:

"Hata mimi ningekaa. Ilka ana ulimi wa kengele, lakini mkate wake nauheshimu."

Nyuma ya Gáspár kulisikika mtu akikwama kati ya kulia na kucheka.

"Mama," Terka aliomboleza, na sasa ilibidi aomboleze kwa nguvu ili kicheko kisitoke, "mama yangu marehemu, unalala vizuri huko?"

"Pananibana," Vendel aliimba kwa sauti ya kanisani, "tena mto unanitekenya pua, na Vendel ananuka pombe." Hapo alisita, akalitazama jeneza vibaya, lakini buriani ni buriani, akaendelea. "Mwenye kiwanda cha mapipa anakutunza?"

"Hana kiwanda, mama. Ana nyundo. Ananitunza."

"Na mtoto?"

"Ana meno. Anauma."

Walizungumza hivyo, maombolezo upande huu na buriani upande ule, Vendel akiinama na kuinuka mpaka kiuno kikamuuma. Walisema mambo ya bure: ni nani sasa anayekamua mbuzi, maharage yamezaaje, kile kilemba cha bluu kiliishia wapi. Wanaokumbuka wanadai mazishi yale yalisimama barabarani mpaka kivuli cha mnara kikavuka shamba lote la kabichi. Mwishowe Vendel aliinama mara moja zaidi, akakaa, na alipoinuka sauti yake ilikuwa imelegea.

"Kosa nimekuachia nusu, Teréz, nusu naondoka nayo mimi. Usinibishie, mimi ni marehemu. Na lile chekeche nalingoja."

Wabebaji wakaliinua. Kule Tango alikuwa amemaliza nguzo yake.

Walichozika makaburini ni maboga. Rozália alirudi kijijini amelala chini ya rundo la mashada ya maua na vitambaa vya kanisa ndani ya mkokoteni, akapiga chafya njia nzima, akaingizwa nyumbani kwake kwa mlango wa bustani.

Ila katika furaha yao hakuna aliyefikiria siku inayofuata. Terka aliamka mapema, akashika jembe, akaenda shambani mbio kama msichana, akatazama ng'ambo. Etelka alikuwepo. Pembeni yake, pale ambapo mama yake alipalilia miaka yote, hapakuwa na mtu. Etelka aliimba bila kuinua kichwa: aliyezikwa hawezi kupalilia, ee. Msalaba una jina, ee, na askari wanajua kusoma.

Hapo ndipo Terka alipoelewa bei. Kwa kusikika mara moja, walikuwa wameuza kuonana.

Kilichobaki ni dirisha. Kwao, kila asubuhi matandiko hutolewa dirishani yapigwe na hewa, na mfarishi wa Rozália, ulioshindiliwa manyoya ya bata bukini, ulikuwa na mistari ya bluu ambayo Terka aliijua kuliko mistari ya kiganja chake. Ukiwa dirishani, mama yupo. Aliutazama kabla ya kuwasha moto, kabla ya kunawa uso. Siku nyingine ulining'inia upande, akajua mkono wa kulia unamuuma. Siku nyingine ulichelewa, naye akasimama na maziwa yakafurika jikoni. Watoto walikua wakijua kwamba asubuhi mama yao haongei mpaka ng'ambo waanike. Mifarishi mingine ya mtaa ule ilikuwa mizuri zaidi, lakini hakuna iliyowahi kutazamwa hivyo.

Ikaja asubuhi ambayo dirisha lilibaki tupu. Terka alingoja. Akaenda kukoroga uji, akarudi. Tupu. Mchana Etelka alitoka uani, akautundika mfarishi kwenye kamba, umefuliwa, umetolewa manyoya yote, gunia la bluu lililobembea bila kitu ndani. Hakuimba. Angeimba nini? Kifo kile kilikuwa kimeshatangazwa.

Alasiri mkokoteni wa nyasi kavu ulipita sambamba na seng'enge, ukielekea makaburini, ambako hakuna ng'ombe. Ulikwenda polepole mno kwa mzigo wa nyasi. Nyuma yake alitembea Vendel, mikono miwili kwenye mkongojo, kofia hajavaa.

Mnarani sasa alikuwepo sajini mwingine, hata matango hakula. Hapakuwa na mazishi, kwa hiyo hapakuwa na ruhusa ya kulia. Terka alishika seng'enge. Mkokoteni ulipomfikia, Vendel aligeuza kichwa kidogo sana, akamtazama, na Terka akafanya kama alivyofundishwa utotoni. Alifungua mdomo, akaimba wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, kwa midomo tu, bila sauti.

Miaka ikala miaka. Mashariki wakabadilisha bendera, magharibi wakabadilisha yao, Ilka akafa, Vendel akafa, Gáspár akafa na masikio yake. Na siku ambayo hakuna aliyeitarajia wakaja mafundi, wakakata seng'enge pale barabarani, wakaweka lango, na kando ya lango kibanda, na kibandani ofisa kijana mwenye kola safi.

Terka alikuwa bibi aliyepinda kama ndoana. Alipanga foleni na wengine, ameshika kitu alichofunga ndani ya kitambaa.

"Bibi, unakwenda ng'ambo kwa shughuli gani?" ofisa aliuliza.

"Nilitumwa."

"Na nani?"

"Mama."

Kijana alimtazama, akawatazama waliokuwa nyuma yake, hakuna aliyecheka. "Umebeba nini humo?"

Akafungua kitambaa. Ofisa alilichukua chekeche, akaligeuza, akachungulia kwenye wavu wake, na kupitia kwenye wavu akamwona bibi kizee akimtazama.

"Lilitakiwa lini?"

"Zamani kidogo, mwanangu," Terka alisema. "Nilikawia."

Alivuka barabara. Zilikuwa hatua chache, na miguu yake, ambayo zamani ilikuwa mirefu, ilizitembea zote bila kusimama. Nyumbani alikuta binti wa Etelka, mwanamke mzima mwenye mvi, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa humo. Hawakuwahi kusemezana maishani mwao, ila kila mmoja alimjua mwenzake kwa mwendo.

"Karibu, mama mkubwa. Twende kwanza makaburini?"

"Tutakwenda. Anajua kungoja." Terka alitazama jiko, kigoda, dirisha, ambalo kutoka ndani lilikuwa dogo kuliko alivyokumbuka. Ng'ambo ya dirisha ilionekana nyumba ya Ilka, na dirisha la jikoni kwa Terka mwenyewe, na pazia alilolisogeza asubuhi zile zote. "Una unga?"

"Upo."

"Basi weka maji motoni."

Akakaa kwenye kigoda cha mama yake, akaliweka chekeche mapajani, akaanza kuchekecha taratibu, unga ukimpanda mpaka kwenye nyusi.